Mishale Mitatu Isiyo na Fungu: Tangu Maisiri ya Waarabu Hadi Kamari ya Simu



Neno "maisiri" twalisikia kila isomwapo Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, na Sura ya Al-Maida, aya za 90 na 91. Wengi wetu hulifasiri "kamari", basi, tukaendelea mbele. Hatuulizi hiyo maisiri ilichezwaje, ilikuwa na vyombo gani, na mwenye kushinda alishinda kwa njia ipi. Wafasiri wa zamani waliuliza, wakaandika kwa urefu. Na katika waliyoyaandika mna jambo dogo ambalo leo ndilo ufunguo wa kuufahamu mchezo ule wa magurudumu na matunda anaoucheza kijana wa nyumbani kwako katika simu, usiku, watu walalapo.

Nakuomba tufuatane pole pole. Mzazi aliyekuja na neno "haramu" peke yake, naye hajui chombo chenyewe kinavyofanya kazi, kijana humjibu kwa mambo ya kompyuta na mzee akabaki kimya. Neno la haramu latosha kwa mwenye imani, sikatai. Lakini kijana aliyekwisha kuingia humo ana hoja zake, na hoja hujibiwa kwa hoja.

Waarabu wa zama za Jahiliya, hasa nyakati za baridi na njaa, walikuwa wakitwaa ngamia, wakimchinja na kumgawa mafungu. Imam Zamakhshari, aliyefariki mwaka 538 wa Hijra (1144), aeleza katika tafsiri yake Al-Kashshaf kwamba mafungu yalikuwa kumi, na wengine wamesema ishirini na nane. Mishale ya kuchezea ilikuwa kumi, na kila mmoja ulikuwa na jina lake. Al-Fadh ulikuwa na fungu moja, At-Tau'am mawili, Ar-Raqib matatu, Al-Hils manne, An-Nafis matano, Al-Musbil sita, na Al-Mu'alla, mkubwa wao, saba. Ukijumlisha moja mpaka saba wapata ishirini na nane, na hapo ndipo ilipotoka kauli ya pili. Hiyo ni mishale saba. Ikabaki mitatu: As-Safih, Al-Manih na Al-Waghd. Hii haikuwa na fungu lolote. Ilikuwa mitupu.

Mishale yote kumi ikitiwa katika mfuko, na mfuko ukapewa mtu mwaminifu. Akiutikisa, akitia mkono, na kutoa mshale mmoja kwa jina la kila mchezaji. Aliyetokewa na mshale wenye fungu alichukua fungu lake. Aliyetokewa na mmoja wa ile mitupu hakupata hata kipande, na juu ya hayo alilipa thamani ya ngamia mzima. Nao walioshinda hawakula ile nyama. Waliwapa masikini, wakijifakhari kwayo, na asiyetaka kuingia katika mchezo walimlaumu kwa ubakhili.

Tafadhali simama hapa kidogo. Huu ulikuwa mchezo wa matajiri, ambao mwisho wake masikini walishiba nyama wakati wa njaa. Ndiyo maana aya ya Al-Baqara haikukataa kwamba mna manufaa kwa watu. Ilikiri manufaa, kisha ikayapima na madhambi, na madhambi yakawa makubwa zaidi. Basi leo kampuni ya kamari inapojenga kisima au kununulia timu ya mpira jezi, na watu wakasema "lakini hawa wanasaidia jamii", hawakuleta hoja mpya. Hoja hiyo ilikuwapo Makka, na nguvu zake zilikuwa kubwa kuliko za leo, kwani yule wa Makka alitoa fungu lake lote.

Na neno hilo "fungu" kwa Kiarabu ni *nasib*. Sisi twalitumia kila siku tusemapo "bahati nasibu", hali tumesahau kwamba maana yake ni fungu la mtu.

Jambo dogo nililolitaja ni ile mishale mitatu. Katika mfuko wa maisiri mitupu ilikuwa mitatu kwa kumi, na kila aliyeketi pale aliijua hesabu hiyo. Aliiona mishale ikiingia mfukoni. Akitaka kukadiria hatari yake aliweza, hata kama hakusoma. Historia yote ya mashine za kamari tangu hapo, nionavyo mimi, ni historia ya kuiongeza ile mitupu na kuificha macho ya mchezaji, hatua baada ya hatua, mpaka leo hakuna anayeiona.

Hatua ya kwanza twaipata Marekani. Mwaka 1891, huko Brooklyn, New York, mafundi wawili wa jina la Sittman na Pitt walitengeneza mashine yenye pipa tano ndogo za kuzunguka, zilizobandikwa karata hamsini. Mtu hutia sarafu, huvuta mkono wa chuma, na karata tano husimama mbele yake. Zikipangika vizuri, mwenye kilabu humpa bia au sigara. Lakini pakiti ya karata ina hamsini na mbili, si hamsini. Mbili zilikwenda wapi? Kwa kawaida ziliondolewa kumi ya shupaza na ghulamu wa kopa. Safu kubwa kuliko zote katika mchezo ule yataka kumi, ghulamu, malkia, mfalme na ree za rangi moja, na rangi ni nne. Ukitoa kumi ya shupaza, safu ya shupaza haiwezekani tena. Ukitoa ghulamu wa kopa, safu ya kopa nayo imekwenda. Kwa karata mbili tu nusu ya ushindi mkubwa iliuawa, na mlevi aliyesimama mbele ya mashine hakuona kilichopungua. Nani atahesabu karata zilizobandikwa ndani ya pipa?

Katika miaka hiyo hiyo ya 1890, mhamiaji wa Kijerumani aitwaye Charles Fey, fundi wa San Francisco, alitoa mashine iliyokuwa mama wa zote zilizofuata. Aliiita Liberty Bell, yaani Kengele ya Uhuru. Magurudumu yalikuwa matatu badala ya matano, na picha zilikuwa chache: kiatu cha farasi, uru, shupaza, kopa na kengele. Kengele tatu zikisimama sawasawa ndiyo tuzo kubwa. Faida ya uchache huo ni kwamba mashine iliweza kujilipia yenyewe kwa sarafu, bila mwenye kilabu kuja kutazama. Kila gurudumu lilikuwa na pahali kumi pa kusimama. Kumi mara kumi mara kumi ni 1,000. Hiyo ndiyo idadi ya namna zote ambazo magurudumu yale yangeweza kusimama.

Hesabu ya mwenye mashine ni nyepesi. Tuseme namna zote 1,000 zimetokea mara moja moja, na watu wametia sarafu 1,000. Fundi amezipanga picha ili tuzo zote pamoja zifikie sarafu 750. Sarafu 250 zimebaki tumboni. Hakuna aliyeibiwa, hakuna gurudumu lililozuiwa, na washindi wapo wengi, wanacheka. Wala haimdhuru mwenye mashine nani kashinda na nani kakosa. Yeye hachezi. Yeye anangoja tu mizunguko iwe mingi.

Mwaka 1909 mji wa San Francisco ulizipiga marufuku mashine hizi. Zikatafutiwa hila. Matunda anayoyaona kijana katika simu hadi leo, zabibu, malimau na cheri, ni mabaki ya hila hiyo: mashine ikitoa chingamu yenye ladha ya matunda ili isemwe kuwa ni ya kuuzia peremende, si ya kamari. Na ile alama nyeusi iliyoandikwa BAR imetokana na nembo ya kampuni ya chingamu. Hila za kuipaka kamari rangi ya biashara ni za kale kuliko babu zetu, na hazikuanza na wenye kutuma ujumbe wa simu.

Aliyezitangaza mashine za matunda alikuwa Herbert Mills wa Chicago, tangu mwaka 1907 na kuendelea. Yeye alifanya mambo mawili. La kwanza, aliongeza pahali pa kusimama katika kila gurudumu zikawa ishirini. Ishirini mara tatu kwa kuzidisha ni 8,000, si 1,000 tena. La pili lilikuwa la akili zaidi: alilipanua dirisha. Zamani mchezaji aliona mstari mmoja tu wa picha. Sasa aliona na ule wa juu na ule wa chini. Basi akikosa, huiona ile picha aliyoitaka imesimama nukta moja juu ya mstari. Nusura! Hiyo "nusura" haikumpa kitu, na kwa hesabu haina tofauti na kukosa kwa mbali. Lakini moyo wa binadamu hauhesabu hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwapima watu ubongo walipokuwa wakicheza mchezo wa namna hii, wakaona kwamba kukosa kwa nusura huamsha sehemu zile zile za ubongo zinazoamshwa na kushinda, na huzidisha hamu ya kuendelea, ingawa mwenyewe husema hakupendezwa. Mills alilijua hilo kwa biashara miaka mia kabla.

Yapo mengine yaliyopita katikati, nayo nitayataja kwa haraka. Jimbo la Nevada lilihalalisha kamari mwaka 1931. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bally ilitoa mashine ya umeme iliyoweza kulipa mamia ya sarafu yenyewe. Mwaka 1976 ikatokea ya kwanza isiyo na magurudumu kabisa, bali kioo cha televisheni. Lakini watu walikitilia shaka kioo. Walipenda kuona chuma kikizunguka, wakidhani kionekanacho hakidanganyi. Shaka hiyo ndiyo iliyoleta jambo kubwa kuliko yote katika habari hii.

Mwenye mashine alikuwa na tatizo. Watu wanataka tuzo kubwa, na tuzo kubwa haiwezi kutolewa ila iwe nadra sana. Lakini unadra wa mashine ya chuma unategemea ukubwa wa gurudumu. Gurudumu la pahali 22, yakiwa matatu, latoa namna 10,648, basi. Ukitaka namna laki mbili ni lazima gurudumu liwe kubwa kama la gari, na mchezaji akiliona atakimbia, kwani ataijua mitupu ilivyo mingi. Mtaalamu wa hesabu mzaliwa wa Norway, Inge Telnaes, alilitatua. Mei 1984 alipewa hataza nchini Marekani kwa njia hii: magurudumu ya chuma yabaki vile vile, yenye pahali 22, lakini yasiamue kitu. Ndani ya mashine mtiwe kompyuta yenye magurudumu ya siri, yasiyoonekana, tuseme yenye namba 64 kila moja. Kompyuta ichague namba kwa nasibu, kisha ndiyo iyaamrishe magurudumu ya chuma yasimame pahali fulani.

Angalia sasa yaliyotokea. Namba 64 zagawiwa pahali 22. Picha ya tuzo kubwa yapewa namba moja tu. Pahali patupu palipo juu yake na chini yake papewa namba nyingi. Mchezaji aangalia gurudumu, ahesabu kwa macho, adhani ana nafasi moja katika 10,648. Kwa kweli ana moja katika 262,144, maana 64 mara 64 mara 64 ndiyo hiyo. Na kwa kuwa mitupu iliyolizunguka lile fungu kubwa imepewa namba nyingi, gurudumu husimama hapo mara kwa mara, picha ya tuzo ikichungulia juu ya mstari au chini yake. Ile nusura ya Mills, iliyokuja kwa dirisha, sasa yatengenezwa kwa hesabu.

Haya sikuyatunga kwa kuwachukia. Hati ya hataza yenyewe ya Telnaes yaeleza kwamba ni muhimu kutengeneza mashine ambayo mchezaji ataiona kuwa na nafasi nyingi za kushinda kuliko zile ilizo nazo kweli, katika mipaka ya sheria. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wasimamizi wa Nevada waliletewa shauri la mashine nyingine, ambazo baada ya kukata kwamba mchezaji kakosa, zilimchagulia makusudi picha ya kukosa kwa nusura ili imchome. Hizo walizikataza. Njia ya Telnaes waliiruhusu, kwa kuwa namba yenyewe huchaguliwa kwa nasibu. Wanasheria waliona tofauti baina ya mambo hayo mawili. Mimi nimeitafuta, na nimeiona ni nyembamba kama uzi wa buibui.

Kutoka hapo mpaka simu ni hatua fupi. Mwaka 1994 nchi ya visiwa ya Antigua na Barbuda ilipitisha sheria iliyowafungulia mlango wenye kamari za intaneti, na miaka michache baadaye watu wakawa wanapoteza fedha za kweli kwa kompyuta za nyumbani. Kwetu Afrika Mashariki simu zikawa pochi. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, fedha zaweza kutoka mfukoni na kwenda pasipo mkono kuzigusa. Mashine za sarafu za madukani, zile ambazo Tanzania vijana huziita dubwi, zilikuwa na aibu yake: mtu huonekana amesimama pale. Simu haina aibu hiyo.

Katika simu hakuna chuma hata kidogo. Programu ya kutoa namba nasibu inafanya kazi katika kompyuta ya kampuni, pengine iliyo ng'ambo ya bahari, ikimwaga namba mfululizo. Kidole cha kijana kinapogusa kitufe, namba za wakati ule zachukuliwa, na shauri limekwisha. Ameshinda au amekosa, na kiasi gani, papo hapo. Magurudumu yanayozunguka baada ya hapo, yanayopunguza mwendo kwa madaha na kumwacha amezuia pumzi, ni picha ya sinema inayomwonyesha lililokwisha kupita. Akigusa tena ili ayasimamishe "kwa ufundi", hagusi kitu. Na ule mchezo wa kindege uitwao Aviator, uliotolewa mwaka 2019 na kuenea sana Kenya, ingawa hauna magurudumu, ni wa ukoo huo huo: pahali kindege kitakapopotelea pamekatwa kabla hakijaruka. Mchezaji huchagua wakati wa kushuka, lakini hajui kilichoandikwa, wala kujua cha raundi iliyopita hakumsaidii.

Hapa ndipo hoja za vijana zinapoanza, nami nazijibu nijuavyo.

Husema: "Imekula muda mrefu, sasa imekaribia kulipa." Namba nasibu haina kumbukumbu. Mzunguko wa elfu haujui kwamba ulitanguliwa na mingine 999. Kuna mfano mwepesi: ukirusha sarafu ikaangukia kichwa mara kumi, mara ya kumi na moja bado ni nusu kwa nusu, maana sarafu haikuona haya kwa yaliyopita. Husema pia kwamba usiku wa manane hulipa zaidi, au mwisho wa mwezi. Washindi wa saa fulani wakiwa wengi, ni kwa sababu wachezaji wa saa hiyo ni wengi.

Wengine huja kwa upande wa pili, wakasema kampuni yamtazama mchezaji na kumfungia asishinde. Wazazi nasi hupenda hoja hii, kwa kuwa yaonyesha kwamba ni wezi. Nakusihi usiitumie. Mchezo wenye leseni umepimwa namba zake, na kwa kawaida namba zake ni za nasibu kweli. Hauna haja ya kudanganya. Kijana akigundua kwamba hakufungiwa, kwamba leo ameshinda na fedha zimeingia katika simu kweli, ataona mzazi ndiye mwongo. Ushindi upo. Bila washindi mashine isingekaa hata juma moja. Lakini leseni yathibitisha kwamba mfuko watikiswa sawasawa. Haisemi mna mishale mingapi mitupu.

Idadi ya mitupu leo imeandikwa kwa njia ya asilimia. Katika ukurasa wa maelezo wa mchezo aghlabu utakuta namba kama 96 kwa mia, yaani kiasi kinachorejeshwa kwa wachezaji. Kijana huisoma hivi: "Nikiweka 1,000 narudi na 960, hasara si kitu." Kosa ni kubwa. Asilimia hiyo haikukatwa mara moja katika fedha aliyokuja nayo. Hukatwa katika kila dau, na fedha zile zile huzungushwa tena na tena. Shilingi 1,000 zikizungushwa zote mara kumi, kwa wastani zabaki 665. Mara ishirini, 442. Mara hamsini, 130. Na hata huo wastani wamhadaa, kwa sababu ndani ya ile 96 mmehesabiwa na tuzo kubwa mno ambazo humwangukia mtu mmoja katika maelfu kwa maelfu. Waliobaki, kwa wastani, hupata chini ya 96.

Lakini haoni fedha zikipungua hivyo, na sababu yake ni ya ajabu. Mchezo wa siku hizi una mistari mingi ya ushindi, tuseme ishirini, na kila mmoja hulipiwa shilingi moja. Ameweka 20. Mstari mmoja umempa 6. Simu yaimba, nyota zaruka, yaandikwa kwamba ameshinda! Ameshinda 6 na amepoteza 14. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, walipima jasho la viganja vya wachezaji katika utafiti uliotolewa mwaka 2010, wakaona mwili hushtuka kwa hasara iliyovishwa nguo ya ushindi kama unavyoshtuka kwa ushindi wenyewe. Uingereza, ambako kamari ni halali, serikali iliona haya yamezidi. Tangu tarehe 31 Oktoba 2021 ilikatazwa katika michezo ya magurudumu ya intaneti kushangilia malipo yasiyozidi dau, ikakatazwa pia mashine kujizungusha yenyewe, na kila mzunguko ukalazimishwa uchukue si chini ya sekunde mbili na nusu. Mwaka 2025 wakaongeza kiwango cha dau: pauni tano kwa mzunguko, na pauni mbili kwa vijana wa miaka 18 mpaka 24. Hawa si masheikh. Wamefika hapo kwa kuhesabu majeruhi.

Na kuna neno moja la Mtume wetu (S.A.W.), lililopokewa na Bukhari na Muslim, ambalo zamani nililisoma upesi upesi: kwamba mwenye kumwambia mwenzake "njoo tucheze kamari", basi na atoe sadaka. Hajacheza bado, amesema "njoo" tu. Leo anayesema "njoo" si rafiki, ni ujumbe unaoingia katika simu saa nne za usiku, na waja na mizunguko kumi ya bure. Mizunguko ile si zawadi. Ni kama muuza halua anayekuonjesha kipande, ila huyu akuonjesha kutaka.

Ukipata wakati, ndugu msomaji, usimpokonye kijana simu kwanza. Mwombe akufungulie ukurasa wa maelezo wa mchezo anaoucheza, akusomee ile asilimia. Chukueni karatasi. Kwa mzunguko wa sekunde mbili na nusu, saa moja ina mizunguko 1,440. Dau likiwa shilingi 20, katika saa hiyo amepitisha shilingi 28,800, hata kama alianza na 2,000 mfukoni. Ikiwa asilimia ni 96, wenye mchezo wamebakisha 4 kwa kila mia, nazo ni shilingi 1,152 kwa saa. Ikiwa ni 94, ni shilingi 1,728. Kisha muulize juma lililopita alicheza saa ngapi, mzidishe pamoja, kalamu akiishika yeye.